Muulize Fundi: Ukungu wa Turok, umeme wa Marekani na mifupa ya Lindi

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu, kwamba karakanani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, bado ninayo mashine ya gemu ya Nintendo 64 inayowaka, na kaseti ya Turok: Dinosaur Hunter, gemu ya kuwinda dinosaria, haijatoka ndani yake. Kumbe nimechokoza mzinga. Barua za friji na feni nimeziweka kando, wenyewe mniwie radhi. Mwezi huu ni Turok mpaka mwisho.

*Shikamoo fundi. Nimenunua kaseti ya Turok kwa mtu, imetumika. Inacheza ila kuna ukungu kila mahali, hatua chache mbele sioni kitu. Nimeifuta mara tatu na bado. Kaseti imeharibika, au ni runinga? — Kijana wa Chumbageni*

Marahaba mwanangu. Weka hicho kitambaa chini. Kaseti nzima, runinga nzima, na macho yako mazima. Ukungu huo umetoka nao kiwandani.

Turok ilitoka Machi 1997, Nintendo 64 yenyewe haijatimiza mwaka sokoni. Walioitengeneza, Iguana Entertainment wa Texas, walipewa kaseti ya megabaiti 8, ambayo picha mbili tatu za simu yako zinaijaza, na mashine yenye kumbukumbu ya megabaiti 4. Sasa fikiria kazi iliyokuwapo. Kila ukigeuza shingo, mashine inachora upya kila mti, kila jiwe, kila mnyama, mara nyingi kwa sekunde moja. Msitu mzima hadi upeo wa macho hauwezi kuchorwa hivyo. Ukichora wa karibu tu na kuacha wa mbali, mchezaji anaona miti ikichipuka hewani mbele yake kama uyoga, na gemu inakuwa kichekesho. Basi jamaa wakafunika. Kinachozidi umbali fulani hakichorwi kabisa, na pale mchoro unapokatikia wakapaka ukungu.

Hapo ndipo pana utamu. Washa ile hatua ya kwanza ya msituni usiku, sauti juu, taa umezima. Ngoma zinapigwa taratibu. Mbele ni weupe mtupu. Unasikia mlio mmoja mkali, unasimama. Hujui ni kulia au kushoto. Halafu ukungu unafanya doa, doa linakuwa kichwa, kichwa kinakuwa meno, na dinosaria rapta ameshakufikia kifuani kabla hujavuta mshale. Kaka yangu ni baharia, mtu aliyekula dhoruba za Bahari ya Hindi miaka na miaka. Mara ya kwanza kukutana na rapta yule alirudi nyuma na padi mkononi, waya ukavuta mashine, mashine ikaanguka kutoka kwenye stuli. Ufa upo mpaka leo upande wa kulia.

Siku hizi gemu hii imefanyiwa ukarabati na Nightdive Studios: Xbox One mwaka 2018, Switch 2019, PlayStation 4 mwaka 2021. Nimeicheza kwa mpwa wangu. Picha safi, ukungu umesogezwa mbali. Rapta unamwona tangu yuko kule, unamvutia upinde kama mtu anayewinda kanga. Nimecheza saa nzima sikushtuka hata mara moja, nikamrudishia padi yake. Watakaonibishia wanibishie, ila kwangu mimi ukungu ule ndio gemu.

Kaseti zikikataa kuwaka, nyote, msizipulize kwa mdomo. Mate yanaozesha zile meno za shaba. Pamba, tone la spiriti, sugua, acha ikauke.

*Fundi, mimi ni mtu wa PlayStation tangu utotoni. Rafiki yangu kanipa Turok ya zamani, nikaanguka shimoni mara kumi na moja hata sijaua mnyama. Vidole vimegoma. Nizeeke tu? — Mchovu wa Kigamboni*

Hujazeeka. Umeshikishwa kitu kinachokwenda kinyume na ulichozoea.

Kwenye padi za leo, gumba la kushoto linatembea na la kulia linalenga. Turok imegeuza. Padi ya Nintendo 64 ina pembe tatu kama jembe la Mzungu, na mkono wa kushoto unashika pembe ya katikati. Kijiti kilichoko hapo, chini ya gumba la kushoto, ni shingo na macho yako. Miguu iko kulia, kwenye vile vitufe vinne vidogo vya njano: cha juu mbele, cha chini nyuma, vya pembeni unakwenda ubavu kama kaa. Risasi inatoka kwenye kitufe cha Z mgongoni mwa pembe ya katikati, hapo kidole cha shahada kinapokaa chenyewe. Kuruka ni R. Kubadili silaha ni A na B.

Siku mbili za kwanza ubongo unakataa. Usipigane na rapta siku hizo. Tafuta uwanja mtupu, zunguka mti mmoja huku ukiutazama, kulia kisha kushoto. Ukiweza kuuzunguka mti bila kuupoteza machoni umeshamaliza shida, maana kupigana kwenye Turok ni huko huko kuzunguka, ila mti unakurukia.

Mashimo ni kweli yanaudhi, na hapa sitawatetea waliotengeneza. Kumpa mtu nguzo nyembamba za kurukia, wakati haoni miguu yake mwenyewe, ni ukatili. Dawa niliyoipata baada ya kufa sana: kabla ya kuruka, elekeza macho chini mpaka uone ukingo wa nguzo. Ruka ukiwa bado unatazama chini. Utaiona nguzo ya pili ikiingia chini yako, na unaweza kujisogeza ungali hewani. Anayeruka huku akitazama mbele kama shujaa ndiye anayeokotwa shimoni.

*Kaka fundi, shemeji yangu aliyeko Marekani kanitumia Nintendo 64 na kaseti nne, Turok imo. Jirani ananiambia nisichomeke ukutani. Kweli au ananitisha? — Dada wa Korogwe*

Dada, huyo jirani mnunulie soda.

Mwaka 1999 kaka yangu alirudi safari na mashine hii kutoka Houston. Mimi, fundi niliyekuwa nikiwaonya mtaa mzima juu ya vitu vya Marekani, nikaichomeka kwa furaha bila kusoma. Ulitoka mlio mmoja mdogo, *tap*, kama mtu anavunja karanga, halafu ile harufu ambayo mafundi tunaijua. Adapta imeandikwa volti 120. Ukuta wetu una 230. Bahati yangu ni kwamba adapta ya Nintendo 64 ni kipande kinachochomolewa nyuma ya mashine, na kilikufa peke yake bila kuondoka na mwenzake.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 120. Ni nzito, inavuma, lakini inafanya kazi. Ya pili ni nzuri zaidi: tafuta adapta ya Nintendo 64 iliyouzwa Uingereza au Ulaya. Inaingia kwenye mashine ya Marekani bila ugomvi, maana zote zinatoa volti 3.3 na volti 12 kwa ndani. Ndiyo ninayotumia.

Kuna la picha pia. Mashine ya Marekani inatoa mfumo wa NTSC, sisi huku ni PAL. Runinga za kisasa nyingi zinapokea vyote viwili. Ukiona picha imekuja nyeusi na nyeupe au inapanda juu kama maji, tatizo ni hilo, usifungue mashine. Na kaseti nyingine ukizihitaji, nunua za Marekani. Za Ulaya zinaingia kabisa kwenye tundu lakini hazitawaka, ndani zina kidude cha kufuli kisichoelewana na mashine yako.

*Fundi, mwanangu ana miaka tisa. Akitoka madrasa anapitia kibandani kucheza gemu ya kuwinda dinosaria, shilingi mia tano. Nikimwuliza ananiambia, "Mama, ni wanyama tu." Nimwache? — Mama wa Morogoro*

Mama, kama ni Turok, hakudanganya ila kapunguza. Wanyama wamo. Lakini watu wenye bunduki ni wengi vilevile, na yupo anayekufa kwa kujishika koo huku damu ikiruka kama bomba limepasuka. Boksi la Marekani lina herufi M, yaani kuanzia miaka 17. Mwenye kibanda boksi hana, ana kaseti tu, au siku hizi ana gemu ndani ya diski, kwa hiyo herufi hiyo hukuiona.

Mimi nisingemwacha. Hapa karakanani zamani nilikuwa na sheria: jua likiwapo ni Mario Kart 64, wadogo wanagombania zamu na mayowe juu. Turok inawekwa baada ya isha, wadogo wakiwa kwao. Nenda siku moja, kaa kwenye benchi dakika kumi, tazama mwenyewe anachocheza. Huenda ukakuta ni mpira.

*Heshima yako fundi. Mimi ni mwalimu, Lindi. Wanafunzi wangu wanaamini dinosaria ni mali ya Wamarekani, wa gemu na sinema. Nikiwaambia mifupa ilichimbwa mkoani kwetu wanacheka. Turok wana rapta, wana T. rex, wana wa pembe tatu. Kwa nini wa kwetu hata mmoja hayumo? — Mwalimu wa Lindi*

Mwalimu, barua yako nimeisoma mara nne.

Waambie wasicheke. Kilima cha Tendaguru kiko ndani huko, kaskazini-magharibi ya Lindi mjini. Mwaka 1906 mhandisi mmoja wa madini, Mjerumani Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa imetokeza ardhini. Tangu 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin likachimba, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Ila majina hayo mawili yasiwe ndiyo pekee ubaoni kwako. Andika na Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, aliyejua kuufukua mfupa bila kuuvunja. Na andika mamia ya watu waliochimba na kubeba. Mifupa ilifungwa vipande, ikasafiri kwa miguu hadi bandari ya Lindi, siku kadhaa za mwendo. Zaidi ya tani 200. Mnyama wa ukubwa ule aliondoka kwao juu ya vichwa vya watu.

Yule mkubwa kuliko wote, leo anaitwa Giraffatitan, amesimamishwa Berlin tangu 1937. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, yaani angechungulia dirisha la ghorofa ya nne bila kunyanyua kisigino. Yupo na Kentrosaurus, mdogo, ana miiba mgongoni hadi mkiani. Ukitaka wanafunzi wamwone kwenye gemu, yumo ndani ya ARK: Survival Evolved.

Sasa kwa nini Turok hawamo. Shujaa wa Turok ni Mwenyeji wa asili wa Amerika, alianzia kwenye vitabu vya katuni mwaka 1954, na wanyama waliomzunguka wakachukuliwa kwa jirani. T. rex na yule wa pembe tatu, Triceratops, wote ni wa Amerika ya Kaskazini. Na hawakupishana na wa kwetu njiani hata kidogo. Wa Tendaguru waliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. T. rex alikuja milioni 68 hadi 66. Wape hesabu hiyo watoto, watoe wenyewe: T. rex yuko karibu zaidi na mwanafunzi wako wa darasa la tano kuliko alivyo karibu na Giraffatitan. Mimi nilipoipiga mara ya kwanza niliirudia kwa kikokotoo.

Na rapta, kwa kuwa tupo hapo, ni uongo mtupu. Velociraptor wa kweli alitoka Mongolia, kimo cha bata mzinga, na mwaka 2007 wataalamu walionyesha alama za manyoya kwenye mfupa wa mkono wake. Kuku mwenye hasira. Yule anayekurukia kwenye Turok amekuzwa mara kadhaa na kunyonyolewa.

Nimejaribu kumfikiria Giraffatitan ndani ya Turok ile ya 1997. Megabaiti 4, ukungu hatua chache mbele. Ungekuta miguu minne kama mashina ya mibuyu, unatembea katikati yake ukisikia kitu kinatafuna huko juu, unanyanyua macho, shingo imepotelea ukunguni. Hapo bunduki ya nini? Ningelipa pesa kucheza hiyo.

*Oya fundi, eti kuna kodi moja inafungua kila kitu Turok. Tupe basi. — Wahuni wa Makorora*

Hamjambo wahuni. Ipo: NTHGTHDGDCRTDTRK. Herufi kumi na sita, ziandikeni sehemu ya kodi kwenye menyu. Si herufi za ovyo. Ni sentensi ya Kiingereza iliyong'olewa irabu, inayosema siku ya nane Mungu aliumba Turok. Mchezo huo Kiswahili hakiuwezi. Ng'oa irabu kwenye "ua", uone kinachobaki.

Silaha zote mnapata, risasi haziishi, hamfi. Mimi niliitumia jioni moja. Nilimaliza ile jioni nikiwa nimelala kwenye kiti. Kodi yenyewe niliikuta kwenye kikaratasi ndani ya boksi la gemu, kwa mwandiko wa mtu ninayemjua. Nitarudi kwake.

*Fundi shikamoo. Nimefika mbali Turok, nikahifadhi kwenye memori kadi ya nyuma ya padi, asubuhi kadi tupu. Mara tatu sasa. Ya rafiki yangu inahifadhi vizuri. Nitupe yangu? — Aliyekata tamaa, Muheza*

Marahaba, usitupe chochote.

Kaseti ya Turok haihifadhi yenyewe, inategemea hiyo kadi, Controller Pak. Ndani ina kilobaiti 32 tu, zimegawanywa kurasa 123, na kinachozishika zisipotee ni betri moja ya saa, CR2032. Betri ikifa, kadi inakumbuka ukiwa umewasha na kusahau ukizima. Wengi hulaumu kukatika kwa umeme. Mwaka 2006 wakati wa mgao mimi mwenyewe nililaumu umeme miezi miwili.

Fungua kifuniko, pima betri. Nzima inasoma volti 3 au kupita kidogo. Nunua CR2032 yenye miguu ya bati iliyokwishabandikwa kiwandani, na ulehemu kwenye hiyo miguu. Usigusishe pasi ya kulehemu kwenye betri yenyewe, inaweza kupasuka usoni. Tazama chanya na hasi kabla hujang'oa ya zamani, piga picha kwa simu. Mashine ikidai kuisafisha kadi upya, kubali.

Yangu nimeibadilisha mwaka juzi. Kwa wale ambao kadi zao bado zina kitu: betri ya zamani usiing'oe kwanza. Shikiza mpya sambamba nayo, chanya kwa chanya, ndipo utoe ile kuukuu, kumbukumbu haitakatika. Mimi sikuhitaji, ilisoma volti 0.4, kila kitu kilishaondoka siku nyingi.

Na humo ndimo ulimokuwa ushahidi wa kaka yangu. Tangu 2001 anaapa kwamba usiku mmoja mimi nimelala, alimmaliza yule T. rex aliyevishwa vyuma, akampiga na Campaigner mwenyewe, adui wa mwisho, mpaka gemu ikaisha, bila kodi. Nilimwonyesha kile kikaratasi. Akakitazama, akavaa miwani, akakitazama tena, akasema hata yeye anashangaa nani kaandika. Juu ya kumaliza gemu, jibu lake halijabadilika: "Fungua kadi uone."